Hereni za matamvua: kwa nini shanga zinakakamaa na uzi unakatika juu

Msomaji kutoka Moshi anauliza: "Nimejaribu kutengeneza hereni za shanga, zile zenye pembetatu juu na matamvua yanayoning'inia chini. Nilitumia shanga ndogo namba 11 na uzi wa cherehani niliokunja mara mbili ili uwe imara. Matamvua yamesimama kama vijiti, hayachezi. Wiki ya pili uzi ukakatika pale kwenye kulabu, na hata kabla ya hapo hereni moja ilikuwa ndefu kuliko mwenzake. Fundi mmoja ananiambia nitumie mshipi wa kuvulia samaki. Naomba nielekezwe tangu mwanzo, nianze upya."

Dada, shanga ulizochagua zinafaa kabisa kwa kazi hii. Tatizo ni uzi. Ugumu na kukatika vyote vimetokana na unene wake, namna ulivyovutwa, na idadi ya mara ulizoupitisha pale unaposuguana na chuma. Urefu usiolingana nao kwa sehemu ni wa uzi, kwa sehemu ni wa shanga ambazo hazikuchambuliwa. Tuanze na ugumu, maana ukiuelewa huo kazi nzima inakuwa nyepesi.

Tundu la ushanga namba 11 halifiki milimita moja. Kwenye tamvua, uzi unashuka ndani ya shanga zote, unazunguka ushanga wa mwisho, kisha unapanda tena ndani ya shanga zilezile. Kwa hiyo uzi mmoja unakuwa nyuzi mbili ndani ya tundu, na uzi uliokunjwa mara mbili unakuwa nyuzi nne. Tundu likijaa, ushanga haupati nafasi ya kuinama dhidi ya mwenzake, na tamvua zima linakakamaa. Ongeza hapo mkono uliozoea kushona nguo, unaovuta uzi mpaka ugome. Shanga zinabanwa uso kwa uso na hakuna kinachoweza kucheza tena. Kazi hii ina mikono miwili: pembetatu ya juu inatungwa kwa kukaza, matamvua yanatungwa kwa kulegeza. Wengi wanaoanza wana mkono mmoja tu, ama wa kukaza kote ama wa kulegeza kote.

Uzi upi, na ule ushauri wa mshipi

Fundi wako amesema nusu ya ukweli. Mshipi wa plastiki wa uzi mmoja, ule unaong'aa na kupitisha mwanga, usiutumie kwenye matamvua hata ukipewa bure. Unakumbuka mviringo wa kigurudumu chake, kwa hiyo matamvua yanapinda upande mmoja. Mafundo yake yanateleza, na ukikaa juani muda mrefu unakauka na kuvunjika. Unaofaa ni uzi wa kuvulia uliosukwa kwa nyuzi nyembamba sana. Unaojulikana zaidi kwa watunga shanga ni FireLine wa ratili 6 (yaani uzito unaoweza kuuvumilia kabla haujakatika), wenye unene wa milimita 0.15 hivi. Hauvutiki na haukatwi kirahisi na kingo za kioo. Ule wa rangi ya moshi huacha weusi vidoleni, basi upitishe kwanza kwenye kitambaa kikavu mara mbili tatu. Ulizia kwa wauza vifaa vya uvuvi, na utaje neno "uliosukwa", la sivyo utapewa ule wa plastiki.

Chaguo la pili ni nailoni ya kutungia shanga, kama Nymo. Ni laini kuliko FireLine na matamvua yake huning'inia vizuri zaidi, ila inavutika. Kabla ya kuanza, kata kipande chako, kishike ncha mbili, ukivute taratibu mara kadhaa mpaka kiache kurefuka. Usipofanya hivyo, uzi utarefuka wenyewe ukiwa sikioni, na baada ya mwezi utauona umejitokeza mtupu juu ya matamvua.

Uzi wa cherehani wa poliesta unaweza kutumika kwa jozi ya mazoezi, mradi uwe mmoja, usikunjwe. Upake nta ya nyuki kidogo, kisha uufute kwa vidole ili ibaki nyembamba tu, kwa sababu nta nyingi hujaza matundu na kurudisha ugumu uleule. Uzi wa pamba uache. Jasho na msuguano wa kioo huumaliza.

Sindano na shanga

Sindano iwe ya shanga, namba 10 au 12. Namba ikiwa kubwa, sindano ni nyembamba zaidi. Sindano ya nguo mwili wake unaweza kupita tunduni lakini jicho linakwama, na hapo ndipo ushanga unapopasuka. Sindano ya shanga itapinda baada ya saa chache. Hilo ni jambo la kawaida, usiinyooshe kwa nguvu.

Shanga nazo huhesabiwa kinyume, namba kubwa ni ushanga mdogo. Namba 11 ina upana wa milimita 2 na kitu, namba 8 karibu milimita 3, namba 15 milimita 1.5 hivi. Pakiti isipokuwa na namba, simamisha shanga 10 mezani matundu yakitazama juu, uzipange zigusane, upime kwa rula. Zikifika sentimita 2 hivi, ni namba 11. Shanga za Japani za Miyuki na Toho, kampuni zote mbili za mkoa wa Hiroshima, zinalingana sana na matundu yake ni mapana. Za Jamhuri ya Czech, ambazo kwa miaka mingi zimetoka eneo la Jablonec nad Nisou, zina mwili wa mviringo zaidi na hutofautiana kidogo unene. Pakiti za bei ya chini zisizo na jina hutofautiana sana. Hizo hazikatazwi, zinataka tu kuchambuliwa.

Kuchambua ni hivi: mwaga shanga juu ya kipande cha blanketi au kitambaa chochote chenye manyoya ili zisikimbie. Ondoa zilizo nyembamba kama sahani, zilizo nene kuliko wenzake, zilizopinda, na zenye tundu ambalo sindano inapita kwa taabu. Nyembamba usizitupe, zitakusaidia kusawazisha urefu baadaye. Kisha chagua 14 zenye matundu mapana kuliko zote, saba kwa kila hereni, uziweke kando. Hizo ni za safu ya kwanza, ambapo uzi hupita mara nyingi kuliko mahali pengine popote, mara tano au zaidi katika kila ushanga.

Jaribu rangi kabla hujaziamini. Weka shanga tatu kwenye pamba yenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha, usugue. Rangi ikihamia kwenye pamba, shanga hizo zimepakwa tu, na jasho na manukato vitazibabua. Waridi kali, zambarau na za kung'aa kama metali ndizo zinazoongoza kwa tatizo hili. Nyeupe, nyeusi, nyekundu na buluu nzito ambazo rangi yake imo ndani ya kioo huwa hazina shida.

Hesabu ya jozi ya kwanza

Anza na msingi wa shanga saba. Pembetatu itakuwa na safu sita: 7, 6, 5, 4, 3, 2, jumla shanga 27. Kitanzi cha juu shanga 6. Matamvua saba yenye shanga 15, 18, 21, 24, 21, 18, 15, jumla 132. Hereni moja ni shanga 165, jozi ni 330, na zote kwa pamoja hazizidi gramu 3 au 4. Urefu wake bila kulabu ni sentimita 5 hivi. Ukitumia shanga namba 8 kwa hesabu hiyohiyo, uzito unakaribia mara tatu.

Rangi ni yako, ila kuna ujanja mmoja unaokupa mchoro mzuri bila kufikiri: hesabu rangi kutoka chini. Kila tamvua liishie kwa shanga 6 nyekundu, juu yake 3 nyeupe, na zilizobaki juu ziwe buluu, yaani 6, 9, 12, 15, 12, 9, 6. Kwa kuwa matamvua yanarefuka kuelekea katikati, ule mstari mweupe utashuka wenyewe na kutengeneza ncha. Ukitaka mstari ulionyooka, hesabu kutoka juu. Kwa mchoro huu jozi inahitaji nyekundu 84, nyeupe 42, buluu 138, na 66 za rangi yoyote kwa pembetatu na vitanzi. Weka na ziada kidogo, kuna zitakazopasuka.

Uzi wa mita moja na nusu unatosha hereni moja.

Safu ya kwanza

Tunga shanga mbili, ukiacha mkia wa sentimita 20. Pitisha sindano tena kwenye ushanga wa kwanza, ukiingilia upande uleule ulioingilia mwanzo, kisha uvute. Shanga mbili zitakaa ubavu kwa ubavu, matundu yakiwa yamesimama. Pitisha tena kwenye wa pili ili uzi utokee upande wake wa mbali. Tunga ushanga wa tatu, rudi uingie kwenye wa pili kwa upande ule ambao uzi haujatokea, vuta, kisha pita ndani ya wa tatu. Endelea hivyo hadi saba. Utaona uzi unapanda ushanga mmoja na kushuka mwingine kama ngazi.

Safu hii mpya italegalega na kujipinda. Usihangaike nayo. Rudi na uzi kwa kupita ndani ya shanga zote saba, juu na chini, mpaka ufike ushanga wa kwanza, na itanyooka. Kaza vizuri hapa. Mwishoni uzi wako utokee juu ya ushanga wa pembeni. Ukitokea chini, geuza tu kazi, pande zote mbili bado ni sawa.

Pembetatu

Tazama ukingo wa juu wa safu yako. Kati ya kila shanga mbili kuna uzi mfupi unaoziunganisha. Tuuite kidaraja. Shanga saba zina vidaraja sita.

Tunga shanga mbili. Ruka kidaraja cha kwanza, pitisha sindano chini ya kidaraja cha pili kutoka nyuma kuja mbele, kisha panda ndani ya ushanga wa pili kati ya hizo mbili. Vuta mpaka zote zikae juu ya safu. Sasa shuka ndani ya ushanga wa kwanza, halafu panda tena ndani ya wa pili. Mzunguko huu mdogo wengi hawaufanyi, na ndiyo maana kingo za pembetatu zao zina uzi unaoonekana na ushanga wa pembeni umelala.

Baada ya hapo tunga ushanga mmoja mmoja: chini ya kidaraja kinachofuata kutoka nyuma, panda ndani ya ushanga huohuo, kaza. Vidaraja vinne vilivyobaki vinakupa shanga nne, jumla sita. Geuza kazi na urudie: mwanzo shanga mbili kwenye kidaraja cha pili, kisha moja moja, mpaka ufike safu ya shanga mbili.

Ikiwa pembetatu yako haipungui, bali inaegemea upande mmoja na kila safu ina shanga saba, ujue umeingia kidaraja cha kwanza badala ya cha pili. Ndilo kosa la kawaida kuliko yote hapa, na tiba yake ni kufumua safu hiyo tu. Fumua kwa kuvuta uzi kinyumenyume baada ya kutoa sindano jichoni. Ukirudisha sindano ndani ya shanga, utauchoma uzi na kujifunga mwenyewe.

Kitanzi, mahali ulipokatikia

Uzi ukitokea juu ya ushanga mmoja wa safu ya mwisho, tunga shanga sita, ushuke ndani ya ushanga wa pili wa safu hiyo. Panda tena ule wa kwanza, zunguka shanga sita, shuka. Fanya hivyo mara tatu kwa jumla, au mara nyingi kadiri matundu yanavyoruhusu. Uzi uliopita mara moja unabeba hereni nzima huku ukisuguliwa na chuma kila unapogeuza shingo, na bila shaka ndivyo ulivyokatika wa kwako.

Msababishaji wa pili ni kulabu yenyewe. Jicho la kulabu za bei nafuu mara nyingi halijafungwa sawasawa, linabaki na mwanya wenye ncha kali. Pitisha ukucha pale. Ukikwaruza, uzi nao utakwaruzwa. Banua mwanya kwa koleo ndogo ufungwe kabisa. Na unapofungua jicho au pete yoyote ya waya, sukuma ncha moja mbele na nyingine nyuma. Ukiivuta kulia na kushoto, duara linaharibika na halifungi tena vizuri.

Vaa kitanzi moja kwa moja kwenye jicho la kulabu, bila pete katikati, kama jicho hilo limelala sambamba na mwili wa kulabu. Hapo uso wa pembetatu utaangalia nje. Ukiweka pete moja kati yake, hereni itageuka ubavu na watu wataona unene wake tu. Pete mbili huirudisha sawa.

Kwa masikio yanayowasha, wa kulaumiwa mara nyingi ni nikeli iliyomo kwenye chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Chuma cha pua cha daraja la hospitali au fedha 925 hupunguza sana shida hiyo. Waya wa shaba wa umeme unafaa kujifunzia kukunja, usiupitishe sikioni.

Matamvua

Kutoka kwenye kitanzi, teremsha uzi ndani ya shanga za ukingo wa pembetatu, safu kwa safu, hadi utokee chini ya ushanga wa kwanza wa msingi. Njiani usikatize katikati ya safu kwa mshazari usiofuata shanga, uzi utaonekana.

Tunga shanga 15 ukianzia rangi ya juu. Zisukume zifike msingi. Shika ushanga wa mwisho, uruke huo mmoja, na upitishe sindano ndani ya 14 zilizobaki kupanda juu, hadi ndani ya ushanga uleule wa msingi. Hapa kuna mtego unaoharibu kazi ya watu wengi bila wao kujua: sindano inaporudi inaweza kuchoma uzi ulioko tayari ndani ya shanga. Uzi uliochomwa hauteremki tena, na huwezi kuurekebisha mvuto wake. Uzuie kwa kuushika uzi wa kwanza ukiwa umenyooka upande mmoja wa tundu, na kupita shanga nne au tano kwa wakati, si zote 14 kwa mpigo. Kisha jaribu: vuta ushanga wa mwisho chini kidogo, halafu uzi juu. Ukiteleza kwenda na kurudi, haujachomwa. Ukigoma, fumua sasa hivi.

Sasa mvuto. Vuta uzi mpaka shanga zote zigusane na msingi. Inua kazi, iache ining'inie hewani, kisha shika ushanga wa chini na uuvute taratibu kuelekea chini mpaka mwanya usiofika milimita moja utokee mahali fulani kwenye tamvua. Nusu ya unene wa ushanga inatosha. Laza tamvua juu ya kidole cha shahada. Likikifuata kidole na kushuka pande zote mbili, liko sawa. Likibaki limenyooka, bado limekazwa. Mwanya huo hautaonekana baadaye, utagawanyika kati ya shanga zote.

Shuka kwenye ushanga wa pili wa msingi na utunge tamvua la 18. Wakati wa kuvuta hili, lile la kwanza litataka kukazika tena, kwa kuwa uzi ni mmoja. Bana kwa dole gumba pale msingi unapokutana na tamvua lililokwisha, ndipo uvute jipya. Kila baada ya matamvua mawili au matatu, funga fundo dogo: pitisha sindano chini ya kidaraja cha karibu, na kabla kitanzi cha uzi hakijaisha pita ndani yake, kaza. Fundo hilo linafungia mvuto wa yaliyopita, na hata tamvua moja likikatika siku moja, mengine hayatamwagika.

Ncha ya tamvua unaweza kuibadilisha. Badala ya kuruka ushanga mmoja, ruka tatu: zitajikusanya na kufanya kijiua, na uzi unakunjika kwa upole zaidi pale chini. Ushanga mzito kidogo mwishoni, wa milimita 3 au 4, husaidia tamvua kushuka, hasa kwa FireLine ambao una ugumu wake wa asili. Shanga ndefu za bomba zina kingo zinazokata kama wembe. Ukizipenda, kila moja iwekewe ushanga wa kawaida juu na chini yake, na usiziweke kamwe zikigusa msingi.

Kumaliza uzi

Panda na uzi ndani ya pembetatu, funga fundo kwenye kidaraja, pita shanga tano au sita, funga fundo la pili, pita tena shanga kadhaa, kata karibu kabisa. Mkia wa mwanzo nao vivyo hivyo. Usimalizie uzi ndani ya matamvua: nyuzi zinakuwa tatu au nne kwenye tundu, na tamvua hilo moja litasimama peke yake. Uzi ukielekea kuisha katikati ya kazi, acha zikiwa zimebaki sentimita 15, anzisha mpya ndani ya pembetatu, utokee mahali pa kuendelea.

Supagluu iweke mbali. Hupenya kwenye shanga za jirani, hukauka kama kioo, na uzi huvunjika palepale gundi ilipoishia. Ukiona lazima, chovya ncha ya pini kwenye rangi ya kucha isiyo na rangi na uguse fundo tu. Uzi wa nailoni au wa kuvulia usiuchome kwa kiberiti karibu na shanga, moto huyeyusha zaidi ya ulichokusudia.

Hereni mbili zilingane

Kuhesabu shanga peke yake hakutoshi, kwa sababu shanga 24 zikitofautiana kila moja kwa nukta ndogo, mwisho wake unakuta tamvua limezidi kwa milimita 2. Njia ya uhakika ni kutengeneza hereni mbili kwa pamoja. Maliza pembetatu zote mbili kwanza, kila moja na sindano yake. Kisha tunga tamvua la kwanza la kushoto, halafu la kwanza la kulia, ulaze yote mawili sambamba kabla hujaenda la pili. Likizidi, toa ushanga mmoja mnene uweke mwembamba kutoka kwenye zile ulizoweka kando. Badilisha sehemu ya juu, ambako macho hayapimi sana, kuliko kwenye ule mstari mweupe.

Tofauti ya mvuto nayo inahesabika. Mtu anayetunga hereni moja asubuhi na nyingine usiku akiwa amechoka, mkono wake si uleule.

Ukigundua tamvua moja limekazwa sana wakati umeshafunga kila kitu, bado lina dawa. Vaa miwani, funika kwa kitambaa, ingiza sindano nene ndani ya ushanga mmoja wa juu ili ilinde uzi, kisha bana ushanga huo kwa koleo mpaka upasuke. Utakuwa umepata milimita moja na nusu ya uzi, ambayo inatosha kulilegeza. Fanya hivyo pia kwa tamvua lake pacha kwenye hereni ya pili ili urefu usipishane.

Mshono huu unajulikana sana kupitia kazi za watunga shanga wa mataifa asilia ya Amerika Kaskazini, na huko hutungwa hadi matamvua yanayogusa bega. Ukitaka kwenda huko, ongeza msingi kabla ya kuongeza urefu. Msingi wa tisa una pembetatu ya shanga 44, na matamvua ya 25, 28, 31, 34, 37 na kurudi hivyo hivyo yanafika 273. Pamoja na kitanzi ni shanga 323 kwa hereni moja, uzito wake ni kama gramu 3, na uzi uwe mita 2. Matamvua marefu kuliko hapo hujifunga yenyewe kwa yenyewe, hivyo yatundike msumarini ukiyavua, usiyatupie kwenye kisanduku pamoja na mikufu.